Meza ya bédé za zamani pale Posta, Lubumbashi: nyota 4 juu ya 5

Kama uko Lubumbashi na unapenda mambo ya masupahero, fika upande wa Place de la Poste, kuko papa mumoja anatandikaka bédé za zamani, ni kusema vitabu vya hadithi za picha, juu ya meza, anauzisha na anakodisha pia, franka 1.000 kwa siku na unaacha garanti kidogo.

Kenye kilinishika ni vile anapanga. Hapangi na bei, anapanga na miaka, basi ukianzia kushoto unakuta albamu za Kifaransa zenye kurudilia hadithi za kwanza kabisa, Superman wa 1938, Batman wa 1939, kisha Captain America wa 1941 anamupiga Hitler ngumi pale pale kwenye ganda ya mbele ya kitabu, na ile namba ilitoka Marekani ikiwa bado haijaingia vita. Na papa anajua vitu! Njo yeye aliniambia kama Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wawili wa Cleveland, waliuzisha Superman kwa dola 130, yaani ya wote wawili, kampuni ikatajirika na wao wakabaki vile, mpaka 1975 ndio wakakubaliwa pensheni ya dola 20.000 kwa mwaka kila mumoja. Bill Finger naye, mwenye alimutengeneza Batman pamoja na Bob Kane, jina yake iliandikwa rasmi 2015 na alikuwa amekufa tangu 1974. Vijana wetu wenye kuchora wasikie hii mbele ya kusaini karatasi ya mutu.

Lakini mimi nilikaa sana kwenye fungu ya miaka ya 60. Hulk, 1962, bomu ya mionzi ya gama. Spider-Man, 1962 pia, buibui yenye mionzi. Wamarekani walikuwa wanaishi na woga ya atomiki usiku na mchana, na ule woga ndio ulizaa hawa watu wa ajabu, sasa fikiria sehemu kubwa ya uraniamu ya bomu za atomiki za 1945 ilitoka Shinkolobwe, hapa hapa Katanga! Tunasoma Hulk kama hadithi ya mbali kumbe udongo wetu uko ndani. Kisha unashika Black Panther wa 1966, nchi ya Afrika yenye madini ya pekee, mgeni anamuua baba ya mfalme juu ya ile madini, na mutu wa Lubumbashi hawezi kusoma ile kama mutoto wa New York anavyoisoma, haiwezekani.

Tafuteni zaidi namba za Strange, gazeti ya masupahero kwa Kifaransa, zile za Lug, kampuni ya kuchapa ya Lyon, zilianza 1970. Angalia karibu picha za kupigana: kuko mahali ngumi inafika lakini herufi za kelele zimefutwa, imebaki nafasi tupu, juu sheria ya Ufaransa ya 1949 ilikuwa inachunga sana magazeti ya watoto.

Nyota moja ninaikata juu ya kurasa. Zingine zimetoboka, na nilikodisha moja yenye mwisho imenyofolewa, nikarudisha bila kujua nani alishinda, inaumiza kweli. Fungueni mpaka nyuma mbele ya kulipa. Siku ya mvua hatandiki, na mchana wa siku ya posho (Jumamosi) zile nzuri zinaisha mbio, muende asubuhi.