Kivungulio cha nyumbani: kifuniko kipi ununue, na miche ipi ya bei rahisi haitakuponza

Wanaojenga kivungulio (greenhouse) kidogo nyuma ya nyumba mara nyingi hubana pesa pasipofaa. Fremu inajengwa kwa paipu za chuma za bei ghali, kisha inafunikwa kwa nailoni ya kawaida na ndani zinapandwa nyanya zilizouzwa zimefungwa kwa kamba sokoni. Afadhali kinyume chake. Fremu ya miti ya mkaratusi inatosha kabisa, na sukuma wiki na maua tafuta ya bei ya chini kadiri utakavyo. Kwenye karatasi ya paa na miche ya nyanya na hoho, usiwe na mkono wa birika.

Kabla ya kwenda dukani, angalia unaishi wapi. Hapa Kenya, Nakuru mjini ni karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Kisumu ni karibu 1,130. Wa Njoro, Molo au Kericho anapambana na baridi ya usiku, upepo na mvua ya mawe. Wa Kisumu, Ahero au Busia adui wake ni joto: nyanya ikishinda kwenye zaidi ya nyuzi 32 mchana, na usiku nao usipoe, maua hupukutika bila kushika tunda. Kivungulio kilichozibwa kwa plastiki pande zote huko Kisumu hupita kiwango hicho kwa urahisi siku yoyote ya jua. Ndiyo sababu nafasi ya kwanza hapa ina washindi wawili.

Nafasi ya kwanza, Nakuru na nyanda za juu: karatasi ya UV ya maikroni 200

Hii ni plastiki yenye dawa inayoikinga na miale mikali ya jua (UV), na maikroni 200 ni unene wa milimita 0.2. Ndiyo inayofunika vivungulio vingi nchini, na kwa bustani ya nyumbani haina mpinzani. Ikifungwa vizuri hukaa miaka mitatu hadi mitano. Shida yake ni kwamba ni rahisi kuuziwa kitu kingine kwa jina hilohilo.

Nenda na mizani, au omba ya duka. Mita moja iliyokatwa kwenye roli ya upana wa mita 8 ni mita mraba 8, na kama kweli ni maikroni 200 itakuwa na uzito wa karibu kilo moja na nusu. Ikisoma kilo 1.1, hiyo ni maikroni 150. Mwenye duka akikataa kupima, hilo nalo ni jibu.

Uzito hauonyeshi kama dawa ya UV imo, na rangi haithibitishi chochote. Tafuta maandishi yaliyochapwa kwenye ukingo wa karatasi na kujirudia kila baada ya mita kadhaa: jina la kiwanda, unene, na mara nyingi upande unaopaswa kutazama nje. Upande wa ndani wa baadhi ya karatasi hutengenezwa ili matone ya mvuke yateleze hadi ukingoni badala ya kudondokea majani. Ukiugeuza, kila asubuhi nyanya zitaoga, na kwenye baridi ya Molo bleiti, ugonjwa unaochoma majani ya nyanya, haihitaji mwaliko zaidi ya huo. Risiti iandikwe unene na miaka ya dhamana.

Kiasi cha kununua kwa kivungulio cha upana wa mita 3 na urefu wa mita 6, chenye kuta za mita 1 na paa la nusu duara: kuta mbili ni mita 2, upinde ni mita 4.7, na sentimita 30 za kufukia ardhini kila upande. Jumla mita 7.3, kwa hiyo roli ya mita 8 inatosha bila kuunga. Kwa urefu, mita 7 zinatosha ukiziba ncha zote mbili kwa wavu. Ukitaka ncha nazo ziwe za plastiki, nunua 12. Kama kuta zitakunjwa kwenda juu, na ni vyema zikunjwe, zile sentimita 30 zinazungushwa kwenye mti wa kukunjia badala ya kufukiwa. Nafasi za hewa zisipungue moja ya tano ya sakafu. Kwa sakafu hii ya mita mraba 18 ni mita mraba 3.6, na kuta mbili zikikunjwa sentimita 60 tu tayari unazo mita mraba 7.2.

Karatasi nyingi haziharibiki kwa uzee. Zinaharibika kwa vitu vitatu. Cha kwanza ni fremu yenyewe: plastiki inapogusa chuma au paipu nyeusi iliyochomwa na jua, hapo ndipo inapopasuka mapema kuliko kwingine. Paka rangi nyeupe ya maji au zungushia kitambaa cheupe kila inapogusa. Cha pili ni msumari uliopigwa moja kwa moja. Weka ufito au ukanda wa tyubu ya baiskeli juu ya plastiki, ndipo upigilie. Cha tatu hakitajwi sana: dawa zenye salfa au klorini, zikipuliziwa ndani mara kwa mara, hula kinga ya UV, na karatasi ya miaka minne inakuwa ya miaka miwili.

Ifunge asubuhi isiyo na upepo jua likishapasha, kati ya saa nne na saa sita. Ikifungwa alfajiri ingali baridi, mchana italegea, na upepo wa alasiri wa Nakuru utaipigapiga hadi ichanike kwenye kona.

Nafasi ya kwanza, Kisumu na tambarare za ziwa: plastiki juu, wavu pembeni

Karatasi ni ileile ya maikroni 200, lakini ya paa tu. Kuta zote nne ni wavu wa wadudu wa matundu 50 kwa inchi, unaomzuia nzi mweupe. Wavu wa matundu makubwa zaidi huuzwa kwa bei ya chini na unazuia ndege, basi. Kwa sababu wavu huo mzito hupunguza hewa, katikati ya paa iwe na kimo cha mita 2.5 hadi 3. Kwa miezi ya Januari hadi Machi, tandaza juu wavu wa kivuli unaozuia asilimia 30 ya mwanga, ukiacha mwanya kati yake na plastiki. Ule wa asilimia 50 ni wa kitalu cha miche. Nyanya zilizo chini yake hurefuka tu na kuzaa kidogo.

Nafasi ya pili: polikaboneti ya tabaka mbili

Hii ni plastiki ngumu ya mabamba, yenye mifereji katikati ya tabaka zake. Nzuri kwa anayeishi kwenye mvua ya mawe, Kericho na Nandi kwa mfano, na asiyetaka kubadilisha karatasi kila baada ya miaka michache. Hesabu yake ni rahisi: gawanya bei ya mita mraba kwa miaka ya dhamana, ulinganishe na karatasi. Ya miaka kumi dhidi ya karatasi ya miaka mitatu inalipa ikiwa bei yake haizidi mara tatu hivi, na mara nyingi huzidi. Ukiinunua, upande wenye kinga ya UV ndio wenye nailoni iliyoandikwa, uelekee nje. Mifereji ya ndani ishuke na mteremko, ncha ya juu izibwe kwa utepe wa alumini, ya chini kwa utepe unaopitisha hewa, la sivyo ukungu wa kijani utaota ndani na hutausafisha kamwe. Tundu la skrubu liwe kubwa kuliko skrubu yenyewe: kipande cha mita 3 hurefuka karibu milimita 6 joto likipanda nyuzi 30, na kikibanwa hujikunja.

Nafasi ya tatu: vioo vya madirisha ya zamani

Kwa paa la kivungulio, hapana. Kioo cha milimita 4 kina uzito wa kilo 10 kwa mita mraba, na mvua ya mawe moja inatosha kukimaliza. Lakini dirisha la mitumba lenye fremu yake, likilazwa juu ya sanduku la mbao lenye mteremko, ni kitalu kizuri mno cha kuotesha miche mahali penye baridi. Mchana liinue kwa kijiti.

Mabati ya plastiki ya kupitishia mwanga yafaa kwa kibanda cha kuku. Ya faiba hugeuka manjano na mwanga hupungua.

Ya mwisho kabisa ni nailoni ya ujenzi, ile ya kuwekwa chini ya sakafu. Mwuzaji atakwambia ni geji 1000, yaani maikroni 250, nene kuliko ile ya UV. Unene ni kweli. Isipokuwa na dawa ya UV, jua letu huifanya ikauke na kukatika kama ganda la kitunguu kabla mwaka haujaisha.

Miche: wapi bei ya chini ni faida

Miche ya sukuma, spinachi au kabeji inayong'olewa kitaluni na kufungwa kwa mafungu ni sawa kwa shamba la wazi. Kwa nyanya na hoho za kivungulioni hata ukipewa bure kataa. Udongo unaong'ang'ania mizizi hubeba minyoo ya mizizi na mnyauko wa bakteria, na bakteria hao wakishaingia huishi kwenye udongo huo kwa miaka, huku wewe huwezi kuhamisha kivungulio. Ukishuku mche uliokomaa kidogo, kata shina karibu na udongo, lining'inize kwenye glasi ya maji safi na utazame dakika chache. Uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye mkato, ni mnyauko wa bakteria.

Nunua ya trei, ya wiki nne hadi sita, kimo cha sentimita 10 hadi 15. Vuta mmoja: mizizi iwe myeupe na ishike udongo wote. Tikisa trei, nzi weupe wakiruka, ondoka. Majani yenye mabaka yanayopitisha mwanga ni dalili ya Tuta absoluta, nondo ambaye viwavi wake hutoboa majani ya nyanya.

Miche hupanda bei mvua inapoanza, kila mtu akiwa mbioni, na hushuka baadaye, wenye vitalu wakitaka kuondoa iliyobaki. Hapo chagua kwa akili. Nyanya iliyorefuka lakini yenye afya ni bahati: izike hadi karibu na majani ya kwanza, shina litatoa mizizi. Iliyounganishwa, yaani shina la aina moja lililopandikizwa kwenye mzizi wa nyingine, usiizike hivyo; kovu la maungio libaki juu ya udongo. Bougainvillea na miche ya kuzungushia boma iliyopitiliza nayo haina neno. Koliflawa na brokoli zilizokaa sana kwenye trei waachie wenyewe. Zitatoa kichwa cha ukubwa wa kifungo.

Avokado ya kuunganishwa ndiyo isiyostahili punguzo. Mwuzaji awe na usajili wa kitalu cha matunda na akuonyeshe cheti. Papasa kovu, liwe limefunga bila ufa. Kisha pasua tyubu moja ya mche uone: mzizi mkuu ukiwa umejizungusha chini kama springi, mti huo utakua vizuri miaka michache, halafu utadumaa au kuangushwa na upepo. Kwa papai isiyo ya mbegu za kisasa, nunua miche mitatu kwa kila shimo, kwa sababu dume na jike havitambuliki hadi maua yatoke. Ndipo ung'oe madume, ukiacha mmoja kwa bustani nzima.

Miche iliyotoka chini ya wavu wa kitalu iache kivulini siku tatu hadi tano, ukiisogeza juani kidogo kidogo, kisha panda jioni.