Utabiri wa mvua za Msimu wa TMA: unamfaaje mkulima wa Nyanda za Juu Kusini?

Kila mwaka kuelekea mwisho wa Oktoba, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa mwelekeo wa mvua za Msimu, yaani Novemba hadi Aprili. Ni bure, ni kwa Kiswahili, na husikika redioni. Angalia jina kwanza: tangazo la Vuli, linalotangulia, ni la pwani ya kaskazini, mikoa ya kaskazini na Kanda ya Ziwa. Mkulima wa Mbozi au Kilolo akilifuata hilo, ameandaa shamba kwa mvua za watu wengine.

Kilicho bora katika utabiri wa Msimu ni wiki ya mvua kuanza na wiki ya kuisha. Wengi husikiliza "mvua nyingi" au "mvua chache" tu wakazima redio, kumbe mbegu huchaguliwa kwa zile wiki mbili. Msimu ukitajwa kuchelewa kuanza na kuwahi kuisha, mahindi ya muda mrefu kama UH6303, mbegu ya kituo cha utafiti cha Uyole, yanaweza kukatikiwa na mvua kabla punje hazijajaa. Hapo tafuta mbegu ya muda mfupi, au punguza mahindi uongeze maharage, ambayo hukomaa kwa miezi mitatu hivi.

Pagumu ni neno "wastani". Kwa vipimo vya TMA, ni asilimia 75 hadi 125 ya mvua ya kawaida ya mahali husika. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Robo ikipungua, migomba na chai bado vinastawi. Usangu, penye kama milimita 600, robo hiyo ikiondoka zinabaki 450, na mahindi yasiyomwagiliwa hayatoboi. Mkoa ni mmoja, Mbeya, na neno ni lilelile. Tena jumla haionyeshi mtawanyiko: mvua ikikata wiki mbili wakati mahindi yanatoa mbelewele na ndevu, mavuno yanashuka hata kama jumla ya msimu imetimia.

Ndiyo maana hatukubaliani na wanaodharau dalili za mvua ambazo wazee huzisoma katika miti na ndege. Rungwe na Kilolo huangaliwa miti ya mihemi na mikwee: ikichanua mapema na kwa wingi kati ya Julai na Novemba, msimu unatarajiwa kuwa mzuri. Mlio wa ndege dudumizi nao husikilizwa. Dalili hizi zina nguvu ambayo utabiri wa mkoa hauna, kwa kuwa ni za bonde lako na mteremko wako. Lakini miti imekatwa sana na majira yamevurugika, hivyo dalili moja haitoshi. Zikigongana na utabiri, gawa shamba: panda sehemu kwa mvua za kwanza, nyingine baadaye.

Siku yenyewe ya kupanda iamuliwe na udongo. Chimba sentimita 15, finyanga konzi moja. Ukishikamana bila kuchuruzika maji, panda. Ukiwa mkavu chini, mbegu itachipua kwa unyevu wa juu kisha ife jua likirudi. Tengeneza pia kipimamvua: chupa ya plastiki yenye ubavu ulionyooka, kata shingo, igeuze iwe faneli, jaza maji hadi juu ya mikunjo ya kitako na uweke alama ya sifuri hapo. Iweke mbali na miti na paa, soma milimita kwa rula kila siku saa 3 asubuhi, andika, kisha rudisha maji kwenye sifuri. Milimita 20 hadi 25 ndani ya siku tatu ni mvua ya kupandia. Manyunyu ya milimita 5 si chochote.

Msimu ukitabiriwa chini ya wastani, familia za Iringa na Njombe hutegemea zaidi vinyungu, matuta ya mabondeni yanayolimwa kwa unyevu uliobaki. Ni akiba ya kweli ya chakula, ila sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli hizo ndani ya mita 60 kutoka mtoni au kwenye chanzo cha maji. Pima kabla ya kuinua tuta la kwanza.