Seti ya tangi la maji chumvi la lita 60: inapojitosheleza na inapopungua

Seti hii naitumia Dar es Salaam, kwenye chumba kisicho na kiyoyozi. Kwa anayeanza kufuga samaki wa baharini naipendekeza, ila bei ya kwenye boksi ihesabu kuwa nusu tu ya gharama. Nusu ya pili ndiyo inayoamua kama viumbe wataishi, na muuzaji hataitaja usipomuuliza.

Ndani ya boksi mna tangi la kioo lenye vyumba vitatu vya kuchujia kwa nyuma, pampu ya lita 500 kwa saa, taa ya LED, spongi, mfuko wa mkaa na pete za kauri. Kioo ni kinene na silikoni imepakwa vizuri. Kipimajoto hakimo, wala kifaa cha kupima chumvi, wala dawa za kupimia maji, wala feni. Hita nayo haimo, na kwa Dar sioni sababu ya kuinunua. Aliye Arusha, Mbeya au Nairobi atafute ya wati 50. Lita 60 ni ujazo wa tangi tupu mpaka ukingoni. Ukishaweka mawe na mchanga, ukaacha sentimita tatu juu, maji yenyewe ni kama lita 50. Hesabu zote za chumvi na dawa zifanye kwa hiyo 50.

Pampu ni ya kuanzia tu. Lita 500 ni kabla ya kupandisha maji. Ikisukuma mpaka juu hupungua, wakati tangi la baharini linataka mzunguko wa mara 10 hadi 20 ya ujazo wake kwa saa. Ongeza pampu ndogo ya mawimbi ya lita 1,000 na uielekeze juu kidogo, uso wa maji uchezecheze, maana oksijeni huingilia hapo. Spongi ioshe kila wiki kwa maji ya chumvi uliyoyatoa tangini. Ikiachwa, mabaki ya chakula huozea humo na naitreti, kemikali itokanayo na uchafu, hupanda.

Joto ndilo shughuli yenyewe. Lengo ni nyuzi 25 hadi 27. Kuanzia Desemba mpaka Machi chumba hufika 31 au 32, na pampu na taa huongeza joto lao. Ondoa mfuniko wa kioo, weka wavu mwembamba samaki wasiruke, kisha funga feni ya kompyuta ya volti 12 ipulize juu ya maji kwa mshazari. Hiyo hushusha nyuzi mbili hadi tatu, ingawa siku za joto kali bado utakuwa juu ya lengo. Siku za unyevunyevu mwingi hushusha pungufu, kwa kuwa feni hupoza kwa kukausha maji, na hewa iliyojaa unyevu haipokei mvuke.

Kwa hiyo feni inakula maji, na hapa ndipo wengi hupoteza samaki bila kujua sababu. Tangi hili likiwa na feni hupoteza kama lita moja na nusu kwa siku. Maji huondoka, chumvi hubaki. Siku tatu bila kuongeza, chumvi ya 35 kwa elfu hufika 38 na ushee. Unachoongeza ni maji yasiyo na chumvi, asubuhi na jioni, kidogo kidogo. Upungufu hauonekani mbele ya tangi kabisa. Unaonekana kwenye chumba cha mwisho cha nyuma, pale ilipo pampu. Chora mstari wa maka pembeni ya chumba hicho. Maji yakishuka vidole viwili chini ya mstari, pampu huanza kunyonya hewa, inakoroma na kutema mapovu madogo meupe tangini. Ukiliona povu hilo, usianze kutafuta ugonjwa, tazama mstari kwanza.

Maji hayo ya kuongeza yawe yamechujwa kwa mtambo wa RO, unaosukuma maji kupitia utando mwembamba na kuacha chumvi na madini. Kisima cha Dar mara nyingi kina chumvi na madini, na maji ya bomba yana klorini. Maji ya kunywa ya dumu kubwa yanaweza kufaa, lakini viwanda vingine huongeza madini, kwa hiyo nunua kipimo kidogo cha TDS (jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini) na upime kila dumu. Yakisoma chini ya 10 nayatumia. Yakisoma 60 au 80 mwani utakusumbua miezi.

Chumvi ya mezani haifai kabisa. Chumvi ya akwariamu huingia kama gramu 36 hadi 38 kwa lita, yaani takribani kilo 1.8 kwa lita 50. Tangulia kuweka maji kwenye ndoo, washa pampu, kisha mimina chumvi taratibu. Ukimwaga maji juu ya chumvi, kalsiamu hugeuka chokaa nyeupe na hairudi kuyeyuka. Acha izunguke usiku kucha kabla ya kupima.

Kupimia chumvi, nunua refraktomita, kifaa kinachoisoma kwa mwanga. Haidromita ya mshale ni rahisi, lakini kipovu kimoja kikinata kwenye mshale kinakudanganya. Refraktomita nayo hurekebishwa kwa mmumunyo wa 35, siyo kwa maji matupu peke yake. Ukiukosa dukani, yeyusha gramu 36.5 za chumvi safi ya mezani kwenye gramu 963.5 za maji ya RO. Mmumunyo huo unatakiwa kusoma 35.

Tuliokaa pwani tunaweza kuchota baharini pia, na maji yake ni mazuri yakichotwa kwa akili: mbali na bandari, mbali na mdomo wa Msimbazi, wakati maji yanajaa, na kamwe si katikati ya masika, mto unapomwaga tope. Chuja kwa kitambaa, funika gizani wiki moja, pima chumvi. Mawe ya matumbawe usiokote. Matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho II cha CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, na visiwa vya Bongoyo na Mbudya ni maeneo ya hifadhi. Nunua mawe makavu yenye matundu, kilo tano au sita zinatosha. Yaweke juu ya kioo kabla ya mchanga, ili samaki anayechimba asiyaangushe. Mchanga uwe wa aragonaiti (aina ya chokaa ya baharini), kina cha sentimita mbili na nusu. Mchanga wa ujenzi uache.

Baada ya hapo hakuna samaki mpaka wakue bakteria wanaogeuza amonia, sumu ya uchafu wa samaki, kuwa naitraiti, kisha naitreti. Nunua amoniamu kloraidi, yeyusha gramu 30 kwenye lita moja ya maji, tia mililita 10 za mchanganyiko huo. Kwa lita 50 inakupa amonia ya karibu miligramu 2 kwa lita. Ongeza chupa ya bakteria wa baharini kama unaipata. Bila hiyo kazi huchukua wiki nne hadi sita. Tangi liko tayari pale unapotia dozi hiyo na ndani ya saa 24 amonia na naitraiti zote zinasoma sifuri. Vipimo vya chapa ya API vinatosha, ila chupa ya pili ya naitreti itikise kwa nguvu sekunde 30 kabla ya kudondosha, kwa sababu unga wake hulala chini na bila kutikisa utasoma namba ndogo ya uongo. Na naitraiti ikiwa bado juu, kipimo cha naitreti hupandisha kuliko ukweli, kwa hiyo usihangaike nacho mapema.

Taa ibaki imezimwa muda huu wote. Hakuna anayeihitaji zaidi ya mwani. Baadaye iweke kwenye taima, saa nane kwa siku. Utando wa kahawia juu ya mchanga utakuja tu, usiukimbilie kwa dawa. Badilisha lita tano kila wiki na ulete konokono watatu au wanne.

Umeme ukikatika, maji ya joto hupungukiwa hewa haraka, hivyo pampu ya hewa ya betri iwe karibu daima. Nyaya zipinde chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda, maana maji ya chumvi hutiririka juu ya waya mpaka kwenye ekstensheni.

Samaki: wawili wa aina ya Nemo, Amphiprion ocellaris, mmoja mdogo kuliko mwenzake, na pengine gobi mmoja mwezi unaofuata. Yule wa buluu mwenye mkia wa njano, Paracanthurus hepatus, hufika sentimita 30. Akiuzwa mdogo kama kidole usimnunue kwa tangi hili. Dukani omba muuzaji awalishe mbele yako, na asiyekula umwache.