Uzoefu wangu na tela la kubebea dramu za kebo: breki ya dramu itazamwe kabla ya tani

Nasimamia kikosi cha kulaza kebo za umeme ardhini. Kazi zetu nyingi ziko Dar es Salaam na Tanga, na mara nyingine tunapata vipande vya kazi katika mikoa ya nyanda za juu kusini. Kampuni ilininunulia tela la kubebea dramu lenye ekseli mbili na uwezo wa tani 5, likiwa na mikono miwili ya haidroliki inayoliinua dramu kutoka chini na injini ndogo ya petroli inayoendesha pampu ya mafuta. Dramu ninalolisema hapa ni lile gurudumu kubwa la mbao au chuma ambalo kebo huvingirishwa kiwandani. Tumelitumia tela hili masika na kiangazi, mchangani na kwenye udongo mwekundu, na maoni yangu juu yake sasa yamekomaa: anayetaka kununua tela la aina hii asianze kuuliza linabeba tani ngapi, bali aulize linalisimamishaje dramu ambalo tayari linazunguka.

Uzito wenyewe si tatizo kubwa. Kebo ya kV 11 (volti elfu kumi na moja) yenye kori tatu za alumini, yaani nyaya tatu za ndani zinazopitisha umeme, kila kori milimita 185 za mraba, ikiwa na urefu wa mita 250 hivi, hulifikisha dramu kwenye tani mbili na nusu kwa makadirio, na uzito kamili huwa umeandikwa ubavuni mwa dramu, kwa hiyo hakuna sababu ya mtu kukisia. Mikono ya tela hili huuinua mzigo huo taratibu bila kutetereka. Hatari huanza pale winchi, mashine inayoivuta kebo kutoka upande wa pili wa mtaro, inaposimama ghafla, pengine kwa sababu rola moja ya kupitishia kebo imepinduka au kuna mtu ametoa ishara. Dramu halijui kwamba winchi imesimama. Uzito wake unaliendesha mbele, kebo inamwagika, inalegea na kujikunja chini ya tela. Winchi ikianza tena kuvuta, lile kunjo hukazwa. Kebo ya kori tatu yenye unene wa milimita 70 kwa kawaida haitakiwi kupindwa kwa nusu kipenyo kilicho chini ya mara 12 ya unene wake, yaani sentimita 84, na kunjo lililokazwa hushuka chini ya hapo kwa urahisi sana. Jeraha la namna hiyo halionekani kwa macho, kwani ganda la nje hubaki zima huku insulesheni ya ndani, ile inayozuia umeme usivuje, ikiwa imeumia, na mteja hugundua siku ya kupima kwa volti kubwa au, vibaya zaidi, miezi mingi baada ya kukabidhiwa kazi.

Kabla ya kupata tela tulikuwa tukiliweka dramu juu ya jeki mbili za kusimama, kisha vibarua wawili hushika ubao mrefu na kuugandamiza kwenye ukingo wa dramu ili kupunguza kasi. Ndivyo vikosi vingi vinavyofanya hadi leo, na sikuwahi kuupenda utaratibu huo. Ubao huo hupata moto, huteleza, hushikwa na msumari uliosahauliwa kwenye mbao za kufunikia dramu na kurushwa pamoja na mkono ulioushika. Hakuna glovu inayokinga jambo hilo.

Tela hili lina diski ya breki iliyofungwa kwenye shafti inayopita katikati ya dramu, na pedi zake hukazwa kwa usukani mdogo ulio upande wa kushoto wa fremu. Mwendeshaji husimama ubavuni, nje kabisa ya njia ya kebo, wala hahitaji kuingiza mkono kati ya dramu na fremu. Sisi huiacha breki ikiwa imeshika kidogo tangu mwanzo wa kuvuta, kiasi kwamba mtu mmoja akiisukuma dramu kwa mikono linazunguka kwa ubishi, kisha winchi ikipunguza mwendo tunaongeza robo mzunguko. Mshika breki huwa na redio koli yake mwenyewe na hufanya kazi hiyo moja tu. Neno "simama" likitamkwa na mtu yeyote kwenye mstari, yeye hukaza kwanza na kuuliza baadaye.

Hata hivyo, breki inaweza kuharibu kebo kwa upande wa pili ikikazwa kupita kiasi. Kanuni inayotumika kwa kondakta za alumini, yaani zile nyaya za ndani, ni nyutoni 30 kwa kila milimita ya mraba, na kwa shaba ni 50, pale kichwa cha kuvutia kinapofungwa kwenye kondakta zenyewe. Kwa kebo yetu, hiyo ni 185 mara 3 mara 30, yaani nyutoni 16,650, sawa na mvuto wa tani 1.7 hivi. Ukivuta kwa soksi, yaani wavu wa waya uliovalishwa juu ya kebo, fuata kikomo anachokitoa mtengenezaji wa kebo, kwa sababu hapo nguvu hupitia kwenye maganda kabla ya kufika kwenye kondakta. Jambo ambalo wengi hawalitilii maanani ni kwamba ukinzani unaoanzia kwenye dramu huzidishwa katika kila kona ya mtaro, wala haujumlishwi tu, hivyo breki inayoonekana nyepesi mahali ulipo huweza kuwa mzigo mzito baada ya kona mbili. Ndiyo maana tela tunaliegesha upande ulio karibu na kona, kebo ipite kona hizo mapema wakati mvuto ungali mdogo, ilimradi nafasi ya barabara inaruhusu.

Upakiaji ni rahisi kuliko nilivyotarajia, lakini una mambo mawili yasiyosamehe. La kwanza ni shafti kutoshea tundu la dramu. Madramu yanatoka viwanda tofauti na matundu yake hayalingani. Shafti nyembamba katika tundu pana hulifanya dramu lidunde kila mzunguko, na kila dundo hufika kwenye beringi na kwenye breki. Tela letu lilikuja na koni za chuma za kujaza nafasi hiyo pamoja na bangili za kubana pande zote mbili, ili dramu lisitambae kuelekea upande mmoja na kukwaruza fremu. Koni hizo ni sehemu ya mashine kama yalivyo matairi, na zikipotea tela lisitumike. La pili ni pini za kufungia mikono. Mikono ikishapanda, pini nene huchomekwa kwenye matundu ili mzigo ukae juu ya chuma. Mafuta ya haidroliki si kufuli: mpira wa kupitishia mafuta ukipasuka au vali ikivuja, mikono hushuka na dramu pamoja nayo. Hapa nina lawama kwa waliolibuni, kwa sababu ardhi isipokuwa sawa matundu hayakutani vizuri, na utingo mwenye haraka hushawishika kuondoka bila pini. Tumeweka sharti kwamba dereva hapewi ufunguo wa gari mpaka aonyeshwe pini zote mbili pamoja na vishikizo vyake.

Barabarani tela lina tabia nzuri mradi dramu limekaa mbele kidogo ya ekseli, uzito kiasi ukilalia kwenye kiungo cha kukokotea. Likikaa nyuma zaidi, pua ya tela huwa nyepesi na tela huanza kuyumba kulia na kushoto kadiri mwendo unavyoongezeka. Likianza kuyumba, dawa ni kuachia mafuta polepole, si kukanyaga breki kwa nguvu. Minyororo ya usalama tunaipitisha kwa mkingamo chini ya kiungo, ili kiungo kikifunguka pua iangukie juu ya minyororo badala ya kuchimba lami. Waya wa breki ya dharura hufungwa kwenye gari lenyewe, kamwe si kwenye kiungo. Breki ya dramu inakazwa, dramu linafungwa kwa mikanda miwili ya kufungia mzigo, na ncha ya kebo inafungwa imara na kuvalishwa kofia yake ili unyevu usiingie. Nati za magurudumu, hasa baada ya kufungua tairi, zinakazwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100 za mwanzo. Tukiwa na mzigo hatuzidi kilomita 60 kwa saa.

Kitonga, mlima wenye mteremko mrefu barabarani mkoani Iringa, unastahili sentensi zake. Breki za tela letu ni zile zinazojishika pale tela linapolisukuma gari, na kwenye mteremko mrefu maana yake ni kwamba zinashika muda wote, zinapata moto na hatimaye kupoteza nguvu. Dereva anatakiwa kuingiza gia nzito kabla mteremko haujaanza, ashuke kwa nguvu ya injini, na kusimama mahali salama kuzipoza akianza kusikia harufu ya pedi. Msafara wa aina hiyo upangwe pia kwa kukumbuka mizani ya barabarani, kwani magari yenye uzito wa jumla unaozidi tani 3.5 hulazimika kupita hapo.

Eneo la kazi likifikiwa, tela linabaki limefungwa kwenye gari. Winchi huvuta kebo, kebo huvuta dramu, na dramu huvuta tela, kwa hiyo gari lenye gia na breki ya mkono ndilo nanga ya kwanza, kabari pande zote mbili za matairi ndizo nanga ya pili. Jeki za nyuma hushushwa juu ya vipande vya mbao pana; katika mchanga wa Kigamboni jeki isiyo na mbao huzama ikiwa kazini. Kulifungua tela kutoka kwenye gari likiwa na dramu juu yake ni marufuku kwetu, kwa sababu pua inaweza kuruka juu bila onyo.

Kuhusu matunzo, chumvi ya pwani ndiyo adui mkubwa kuliko mzigo. Tukitoka kazi za karibu na bahari huko Tanga tunaliosha tela kwa maji baridi yasiyo na chumvi, likikauka tunatia grisi kwenye beringi za shafti mpaka grisi ya zamani, nyeusi na yenye chembe za mchanga, isukumwe nje na mpya ionekane ikiwa safi kwenye ukingo. Diski ya breki ya dramu hufunikwa na kufutwa kwa kitambaa kikavu, kwa kuwa tone la grisi likiifikia, pedi hupoteza ushikaji na hazirudi kuwa kama zamani. Tela likilala, mikono inateremshwa chini kabisa, ili zile fimbo za kromu za haidroliki ziwe ndani ya silinda. Fimbo ikiachwa nje huota vidoti vya kutu, na kila kidoti hugeuka msasa wa kukata sili, ile mipira ya kuzuia mafuta yasivuje kwenye silinda.

Mipira ya haidroliki huchakaa kwanza pale inapogusana na fremu. Kwenye letu ni kwenye kona ya chini ya mkono wa kulia, ambako ganda la nje lilianza kung'aa, kisha nyuzi za chuma zikachungulia. Tulibadilisha mpira na kuuvika mkono wa plastiki mgumu. Uvujaji usitafutwe kwa kupapasa kwa kidole. Mafuta yenye shinikizo kubwa hutoboa ngozi kupitia tundu lisiloonekana, na mtu aliyepata jeraha hilo apelekwe hospitali mara moja hata kama haumwi sana, kwa kuwa mara nyingi huhitaji upasuaji wa haraka. Tunapitisha kipande cha boksi karibu na mpira na kutazama kama kinalowa.

Kasoro nyingine ni mbili. Taa zilikuja za volti 12, ilhali lori letu ni la volti 24. Fundi umeme wetu aliligundua hilo kabla ya plagi kuchomekwa, akaweka taa zinazokubali volti zote mbili. Kitabu cha maelekezo nacho hakikuwa na neno la Kiswahili, na kwa mashine inayoweza kumponda mtu naliona hilo kuwa upungufu mkubwa. Tuliandika wenyewe hatua za kupakia, kufunga pini na kushika breki, tukazichapa kwenye bati na kulipigilia ribiti karibu na usukani wa breki, kwenye usawa wa macho ya anayeushika.

Beringi zake ni za namba za kawaida na zinapatikana Gerezani, Dar es Salaam. Sili za silinda hazipatikani kirahisi, zinasubiriwa kutoka nje huku tela limelala. Ombi la tela la pili, kwa ajili ya kikosi cha Tanga, nimeshaliandika, na ndani yake nimetaka seti mbili za sili, seti moja ya pedi za breki ya dramu, koni za ziada, taa za volti 24, na matundu ya pini yaliyorefushwa ili pini iingie hata ardhi ikiwa imeinama kidogo. Uwezo wa tani nimeuacha palepale kwenye 5.