Uwakala wa Upasuaji wa Kupunguza Uzito Nje ya Nchi: Safari Njema, Ufuatiliaji Hafifu

Wakala wa hapa Dar es Salaam aliyempeleka dada yangu India kupunguzwa mfuko wa chakula alishughulikia viza ya matibabu, tiketi na malazi kwa ustadi ninaoupongeza. Hospitali nayo ilimpima kwa makini kabla ya kumpasua.

Kasoro kubwa ni ufuatiliaji. Upasuaji huu huondoa takriban asilimia 80 ya mfuko wa chakula na hauwezi kurudishwa nyuma, hivyo mgonjwa huhitaji vitamini, hasa B12, na vipimo vya damu maisha yake yote. Lakini wakala, ambaye kabla ya malipo alipokea simu hata usiku, hakutuunganisha na daktari yeyote wa hapa nyumbani. Hata hatari ya damu kuganda miguuni katika safari ndefu ya ndege baada ya upasuaji tulielezwa na muuguzi wa huko, naye tunamshukuru sana.

Wala wakala hakututajia kuwa katika Hospitali ya Mloganzila, hapa hapa Dar es Salaam, huwekwa puto tumboni, njia isiyohitaji kisu. Anayefikiria safari hii adai kwanza, kwa maandishi, jina la daktari atakayempokea akirudi.