Simu ya 390,000, redio hamna, laini moja

Jamani hii simu nimekaa nayo miezi mitatu sasa na naandika nikiwa na uchungu kweli. Niliinunua used ya kutoka Dubai kwa 390,000, kamera safi, kioo kinang'aa, haigandi, hapo sina neno. Ila vitu ambavyo hata kitochi kinavyo yenyewe haina!

Mi ni fundi cherehani, kutwa mikono iko kwenye kitambaa, redio ndo mwenzangu. Simu yangu ya zamani nachomeka earphone, ule waya ndo unashika mawimbi, nasikiliza mpira mpaka unaisha bila kutumia hata MB moja. Hii nimetafuta redio mpaka nimechoka, hamna, na tundu la earphone lenyewe hamna, yani toka iPhone 7 itoke bila tundu mwaka 2016 kampuni nyingi zikafuata mkumbo na sasa imetufikia sisi. Nikanunua kale kawaya ka kuunganishia kwenye tundu la chaja, kumbe ukisikiliza huwezi kuchaji, afu redio ya kwenye app inakula bando, gauni halijaisha bando limeisha.

Kilichoniumiza zaidi ni laini. Inaingia moja tu! Wateja wangu wengine M-Pesa wengine Airtel Money, najua mtandao kwenda mtandao inawezekana ila makato mteja hayataki, kwa hiyo mtu kasimama na nguo yake mkononi mi nafungua kitrei kwa ncha ya sindano, natoa hii naweka ile, tunasubiri mtandao usome, mwisho anasema fundi ntakutumia baadae. Wengine mpaka leo hawajatuma. Siku moja laini ilidondoka kwenye vipande vya vitambaa tukaitafuta na binti ninayemfundisha karibu nusu saa, na mule ndo kuna hela ya kodi ya fremu.

Nilimrudia muuzaji nikamuuliza mbona hukuniambia, akasema dada hukuuliza. Basi wewe uliza, tena nenda na laini zako mbili na earphone yako, chomeka palepale dukani kabla hujatoa hela.

Mi nimenunua kitochi cha batani, kinaingia laini mbili, kipo hapa juu ya meza ya cherehani redio inaongea. Ile nyingine napigia picha magauni.