Wakala wa Upanga anayewatafutia vijana vyuo vya Marekani
Nilimpeleka mpwa wangu, mcheza kikapu wa kidato cha pili, kwa wakala mmoja wa Upanga, Dar es Salaam, anayewaunganisha wanamichezo na makocha wa vyuo vya Marekani. Video waliyomrekodia, hasa mitupo yake ya pembeni, ni kazi safi kweli. Kasoro ni ahadi ya kwamba kocha wa daraja la kwanza la NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, angempigia simu mwezi ujao, ilhali kanuni za chama hicho zinawazuia makocha wa kikapu cha wanaume kumpigia mwanafunzi kabla ya tarehe 15 Juni, akishamaliza mwaka wa pili kati ya minne ya sekondari ya kule. Nilipouliza, karani alifunga jalada taratibu: “Mzee, hayo ni makaratasi tu.” Video tumeichukua, awamu ya pili ya malipo sikuitoa.